Hatua Tatu za Maman Nabintu

Jumamosi, siku ya posho, kisha salongo, kazi ya pamoja ya lazima. Mvua ilipiga asubuhi, ikaacha saa sita, na sasa limetoka jua lile la kuchoma, barabara yote inatoa moshi. Mikono yangu inanuka sima, saruji ya kujengea. Ninaandika nikiwa juu ya kitanda kwa sababu kiti kimoja kiko kwa jirani na kingine kimebeba vitabu vya mutoto wangu Furaha. Nina hasira, na sehemu kubwa ya hasira ni juu yangu mwenyewe.

Nianze na Alhamisi, maana ndipo nilipoharibu.

Alhamisi nilisema uongo.

Si uongo wa sokoni, ule wa kuapa nyanya ni za leo. Nilidanganya mbele ya géomètre wa kupima jengo, na akauandika uongo wangu kwa kalamu.

Kwa mutu atakayesoma daftari hili siku moja, sijui nani, pengine panya: jengo letu ni depo ya zamani ya kahawa, kwenye muteremuko wa kushuka ziwani. Chini walikuwa wanapima na kushona magunia. Juu, penye madirisha, wanawake walikuwa wanakaa chini kwenye sima wanachagua punje mbovu. Mimi pia nilichagua pale, mwaka muzima, kabla ya kuolewa. Wenye kahawa walipoondoka, sisi wafanyakazi tulibaki. Hakuna aliyetufukuza. Tulipanda juu na vitanda vyetu, familia saba, tukagawana kile chumba kikubwa kwa kuta za magunia. Kisha serikali ikamupa jengo mutu mumoja, acquéreur, ndivyo tulivyowaita wale waliopewa mali ya wageni. Yeye hakupanda ngazi hata siku moja. Aliuza mizani, akauza milango ya chuma, akapotea. Sisi tukaendelea kuziba mabati kila yanapovuja.

Na sasa, baada ya miaka ya kupiga hodi kwenye ofisi, karatasi imekubaliwa. Inaitwa copropriété. Yaani jengo ni moja, wenyewe ni wengi. Ngazi, paa na choo ni vya wote, lakini kila familia iliyokaa hapa tangu wakati wa kahawa itapata sehemu yake yenye namba na jina, na itaiachia watoto. Magunia yatatoka, tutajenga kuta za matofali. Siku tuliposikia habari ile wanaume walikunywa kasiksi, pombe ya ndizi, mpaka mwenyekiti wa komite yetu akasahau njia ya kwake, na kwake ni hatua kumi kutoka kwenye ngazi.

Nieleze mambo ya kuta, bila hivyo uongo wangu hautaeleweka.

Kuta zetu ni fremu za mbao, juu yake magunia ya kahawa yaliyopigwa misumari, na juu ya magunia karatasi na chokaa. Wanaume wanne wenye nyundo wanasogeza ukuta kwa saa moja. Ndiyo sababu tulikuwa na desturi moja ambayo hatukuandika popote. Mwanamuke akizaa, jirani anamuachia hatua tatu. Ukuta unaingia kwa jirani hatua tatu, ili muzazi apate pa kumulaza mama yake aliyetoka kijijini, na pa kuweka beseni, na mukeka wa wageni. Hazitolewi moja kwa moja. Siku mutoto anatembea mwenyewe mpaka kwa jirani, bila kushikwa mukono, ukuta unarudi.

Tumecheka sana juu ya desturi ile. Kulikuwa na mama mumoja upande wa ngazi, mutoto wake alikuwa munene, miguu imara kabisa, na yeye aliendelea kumufunga mugongoni mpaka karibu miaka miwili. Tulimuambia wazi: wee mama, mushushe mutoto, unakula hatua za watu. Mwisho jirani yake alisimama kwenye mulango na ndizi mbivu, akamuita mutoto. Mutoto akakimbia, si kutembea, akakimbia. Jioni ile ile wanaume walileta nyundo.

Furaha ni mutoto wangu wa kwanza. Jirani yangu Maman Nabintu, mujane, mushonaji, asiyezaa, aliniachia hatua tatu hata sijatoka maternité. Nilirudi nikakuta ukuta umeshasogea. Na pamoja na hatua zile, dirisha lake liliingia kwangu. Sehemu yetu sisi iliangukia katikati ya madirisha mawili, haikuwa na lolote. Yeye alikuwa na moja tu. Alisema mutoto anahitaji jua, yeye atavumilia mwaka.

Furaha alishikwa na homa akiwa na miezi kumi. Alikuwa ameanza kushika kiti na kusimama. Homa ilipotoka, miguu haikurudi. Sasa ana miaka tisa. Anajivuta kwa mikono, amevaa viatu vya mupira kwenye viganja, na kwenye koridori anamushinda mudogo wake Bahati mwenye miguu miwili mizima. Baba yake anamubeba mugongoni kwenda na kurudi masomoni.

Na ukuta haukurudi.

Hakuna aliyeuliza. Nani angeuliza? Kudai ukuta urudi ilikuwa ni kusema mutoto hatatembea, na hakuna mutu huku juu aliyekuwa na kinywa cha kulisema neno lile. Maman Nabintu ndiye angekuwa wa mwisho. Kwa hiyo kila asubuhi, miaka hii yote, anakokota cherehani yake mpaka juu ya ngazi, penye mwanga, kwa sababu kwake anawasha taa hata saa sita ya muchana. Mimi ninamusaidia kuibeba. Nisijisifu. Ninabeba cherehani ya mutu ambaye dirisha lake liko juu ya kitanda cha mutoto wangu, ninamusalimia, ninamuuliza habari ya mugongo wake, na jioni ninaibeba tena kuirudisha gizani.

Tulikuwa tunasema ni heshima. Jengo zima lilikuwa linatuheshimu. Leo ninaona tulikuwa waoga, wote, na mimi mbele yao.

Basi, Alhamisi géomètre alikuja. Amevaa abakosti ya kijivu, mètre ya kukunjua mukononi, chaki mufukoni. Ni kijana mwenye adabu, anasema citoyenne, yaani mwananchi, kwa kila mwanamuke, hata kwa bibi asiye na jino. Komite ilikuwa imekata neno jepesi: kila familia ipewe mahali palepale ilipoingia mwanzo. Kwa hiyo kwenye kila ukuta anauliza kama uko hapa tangu mwanzo. Watu wanaitika, anapiga mustari wa chaki kwenye sima, anaandika. Kwa familia moja yenye kitoto kichanga walimuambia wenyewe kwamba ule ni wa kuazimwa, arudishe hatua tatu. Alicheka, akafuta, akarudisha.

Akafika kwetu. Furaha alikuwa dirishani na hesabu zake. Maman Nabintu alikuwa amesimama mulangoni, uzi mudomoni, maana alikuwa ametoka kwenye kazi. Géomètre akauliza swali lake.

«Tangu tuingie,» nikasema.

Sikutetemeka hata kidogo, na hilo ndilo linaniudhi. Maman Nabintu alimutazama Furaha, akanitazama mimi, akatoa uzi mudomoni, akarudi kwenye ngazi. Chaki ikapita. Nilisimama pale nikiangalia ule mustari mweupe na nikafurahi. Ndiyo, nilifurahi. Niliwaza matofali juu yake, na kwamba hakuna atakayetunyang'anya tena.

Jioni nilimuambia bwana yangu. Alisema nimefanya vizuri. Sisi tuko wanne, yeye mama yuko mumoja. Furaha hashuki chini kucheza kama watoto wengine, dunia yake ni lile dirisha: ziwa, pirogi za wavuvi, ng'ambo ya Rwanda, magari ya kwenda Nguba anayoyahesabu. Na mwenye dirisha mwenyewe hakusema kitu. Yote aliyosema bwana yangu yalikuwa kweli, na hakuna moja lililonisaidia kulala.

Ijumaa niliunguza maharage mara mbili. Mara ya pili niliipiga sufuria teke, nikaumiza kidole, nikamugombeza Bahati ambaye hakuwa hata karibu.

Leo kwenye salongo wanaume walipandisha matofali, wanawake tulichanganya sima na muchanga juu hapa. Saa nane géomètre akafika na plan ya vyumba iliyopigwa kwa mashine, karatasi moja kwa kila familia. Mwenye kujua kuandika anatia sahihi, asiyejua anatia kidole. Akaweka meza kwenye koridori, akafungua kikopo cha wino, akaanza kuita namba. Bwana yangu alikuwa chini na matofali, kwa hiyo sisi tulikuwa tunangojea.

Namba ya nne ilikuwa Maman Nabintu. Yeye hasomi. Barua za kaka yake wa Kamanyola ninamusomea mimi, karatasi za dispensaire ninamusomea mimi, hata kile kitabu cha sala, sikukuu zote. Akachukua karatasi yake kwa géomètre, akapita mbele ya watu wote, akanipa.

«Mama Furaha, nisomee. Sitaki kutia kidole ku kitu sijui.»

Nimejiuliza kama alifanya makusudi. Sijamuuliza na sitamuuliza.

Nikasoma. Namba. Jina lake na jina la baba yake. Urefu, upana. Paa ya wote, ngazi ya wote. Kisha nikafika penye mustari wa mwisho, umeandikwa kwa Kifaransa, «Fenêtre: néant», nikaacha kusoma. Maman Nabintu alikuwa anangojea, kichwa kimeinama upande, kama anavyongoja habari za kaka yake. Géomètre alifikiri sijui lile neno la Kifaransa, akanisogelea kunieleza pole pole kwamba maana yake ni hakuna. Ninajua néant. Masista walinifundisha néant kwa fimbo.

«Dirisha, hakuna,» nikasema.

Yeye akaitika kwa kichwa tu. Akanyoosha kidole gumba, akakitia kwenye wino.

Hapo nikamushika mukono. Sikupanga. Kama ningepanga, ningengoja bwana yangu apande, na yeye angenizuia. Nikamuambia géomètre kwamba Alhamisi nilidanganya, ukuta ule si wa tangu mwanzo, ni wa kuazima, na dirisha ni la huyu mama.

Hakukasirika. Alivuta daftari lake, akaniuliza tuliazima mpaka lini, maana alitaka kuandika vizuri. Mwenyekiti akaanza kuangalia viatu vyake. Nikamujibu: mpaka mutoto atembee.

Géomètre hajui habari zetu. Akamutazama Furaha, aliyekuwa amekaa chini kwenye mulango wetu, viatu mikononi, akauliza kwa adabu, kama anavyouliza urefu na upana:

«Na atatembea lini?»

Miaka yote hakuna aliyeniuliza. Hata daktari alizunguka-zunguka tu, akasema tumwachie Mungu.

«Hatatembea,» nikasema.

Nilifikiri paa itaanguka. Haikuanguka. Mama mumoja nyuma yangu alianza kulia. Chini wanaume walikuwa wanaendelea kuitana na matofali yao, mumoja anatukana mwenzake kwa Kishi juu ya ndoo.

Niseme ukweli wote, maana daftari ni langu. Nilikuwa ninangojea Maman Nabintu akatae. Aseme tumeshazoea, aseme acha tu, mutoto ni wetu sote. Ndivyo nilivyotaka moyoni: nipate kusema kweli na nibaki na dirisha.

Alipangusa kidole kwenye kitenge chake, taratibu, mpaka wino ukatoka.

«Asante,» akasema. «Basi munirudishie dirisha yangu. Niko nachoka na giza.»

Kisha akakaa palepale kwenye sima na akalia kuliko sisi wote. Akasema katikati ya machozi kwamba alikuwa analiogopa lile neno kama mimi ninavyoliogopa, na bado alikuwa analingojea, kila asubuhi akishika cherehani, na Mungu amusamehe kwa yote mawili. Nikakaa karibu naye. Hatukukumbatiana, sisi si watu wa hivyo. Tulikaa tu, mikono imejaa sima na wino, mpaka géomètre akakohoa na kuomba tumupishe apime.

Bwana yangu alipanda na matofali begani akakuta watu wanatoa kitanda cha Furaha. Mwenyekiti alimueleza. Alishusha matofali moja moja, polepole sana, akayapanga karibu na ukuta kana kwamba ndiyo kazi pekee duniani. Nilingoja anigombeze mbele ya watu, na ningemujibu, maana nilikuwa tayari na maneno. Hakunigombeza. Aliniambia tu:

«Ungeniambia.»

Ana haki. Kisha akachukua nyundo mukononi mwa mutu mumoja, akang'oa musumari wa kwanza yeye mwenyewe.

Kwa hiyo sasa, saa kumi ya alasiri, jua lote lile nje, nimewasha taa. Nilikuwa sijui giza la huku linafanana namna gani. Macho yanachoka, mutu anaanza kupapasa vitu vyake mwenyewe. Upande wa pili ninaisikia cherehani, haijasimama tangu walipoiweka chini ya dirisha. Kiti chetu kimoja kimebaki kwake kwa ajili ya nyuzi, nimemuambia akae nacho.

Sijisikii mutu mwema. Ninajisikia mutu aliyerudisha kitu cha mwenyewe kwa kuchelewa, halafu akabaki bila dirisha. Bwana yangu ametoka, amesema anakwenda kunywa maji, na hapa maji yako. Atarudi. Tutaongea, au tutanyamaza wiki moja kama tulivyonyamaza mara ya kifo cha baba yake, kisha tutaongea.

Niliyemuogopa ni Furaha. Alilisikia lile neno likitoka kwenye kinywa changu, mimi mama yake, mbele ya majirani na géomètre, kama kitu cha kuandikwa. Watu walipoondoka nilimukuta kwenye kona yetu mupya akipanga vitabu vyake juu ya kiti, vikubwa chini, vidogo juu. Nilikaa kwenye kitanda. Nikamuomba musamaha kwamba nimesema vile mbele ya watu, na kwamba nimemuondolea ziwa lake.

Juu ya habari ya ziwa, alisema kwamba Maman Nabintu ameshamuambia aende kufanya hesabu kule kwake kila siku, akitaka, na yeye atakwenda lakini si Jumapili, kwa sababu Jumapili yule mama anaimba. Akamaliza kitabu cha mwisho, akakinyoosha kilingane na vingine. Hakunitazama alipoendelea.

«Mama, mimi nilijua tangu zamani,» akasema. «Nilikuwa naogopa tu, nani atakuambia wewe.»

Nimekaa na maneno yale mpaka sasa. Nilimusaidia kuvua viatu vya mikono, nikaviweka chini ya kitanda, nikaja kuandika, kwa sababu sikujua kitu kingine cha kufanya na mikono yangu. Mutoto wa miaka tisa. Kumbe yeye ndiye alikuwa ananichunga.

Masista wa hospitali walinionyesha kigari mara mbili, kile cha kukaa, chenye magurudumu makubwa mawili ya kusukuma kwa mikono. Mara zote mbili nilikasirika. Mara ya pili nilitoka bila hata kuaga, nikasema mutoto wangu atatembea, wampe mwingine. Jumatatu ninarudi kukiomba. Watakuwa na haki ya kunicheka. Ngazi ni shida, tutaona, baba yake ana mugongo bado. Lakini koridori ni ndefu, na sima yake ni laini.

Nimeshakwenda kumuona fundi wa matofali kabla hajaondoka, maana ukuta wetu ndio anaanza nao wiki ijayo. Nimemuambia mulango wetu auache mupana. Akaniuliza kwa nini mupana hivyo.

Nikamuambia.